"Hiyo Ni Kawaida, Bosi"

Haya wandugu, wiki hii sina siasa. Mnaotaka kujua nani kahamia chama gani subirini. Leo nataka tuzungumzie oili. Ndiyo, oili ya injini ya gari. Na wewe unayesema "mimi napanda daladala, hii hainihusu", kaa hapohapo. Hoja yangu inamhusu kila aliyewahi kununua kitu kwa jasho lake, kikaanza kuleta shida, akakirudisha dukani, na mtu aliyevaa tai akamtazama usoni na kumwambia: "Hiyo ni kawaida, bosi."

Kawaida! Hili neno nimeanza kulichukia. Simu mpya inachemka mfukoni mpaka unaogopa kuungua, ni kawaida. Friji inanguruma usiku kucha kama pikipiki mbovu, kawaida. Ukiuliza kawaida kwa mujibu wa nani, hupati jibu. Unaonekana mbishi, msomi uliyesoma sana ukavurugwa.

Kisa ninachotaka kukitumia kimetokea mbali kidogo na kwetu, lakini vumilieni, kitafika Dar es Salaam, na kitapitia bandarini.

Mwishoni mwa 2016 Honda ilianza kuuza nchini Marekani CR-V ya kizazi cha tano, ile ya modeli ya 2017. Wengi mnaijua CR-V hata kama hamjawahi kuipanda: SUV ndogo, ya mtu wa mjini mwenye mke, watoto wawili na mzigo wa sokoni Jumamosi. Haikuwahi kuwa gari la mashindano wala la kupanda milima. Sifa yake ilikuwa moja: haikusumbui. Iliyoitangulia huko Marekani ilikuwa na injini ya lita 2.4 isiyo na turbo. Hii mpya, ukiacha toleo la bei ya chini kabisa, ikaja na injini ya lita 1.5 yenye turbo, nguvu za farasi 190. Injini ndogo, nguvu nyingi, mafuta kidogo. Karatasi za matangazo zilisomeka kama barua ya mapenzi.

Halafu ikaja baridi.

Majira ya baridi ya 2017 kuingia 2018, wenye magari hayo kaskazini mwa China, kaskazini mwa Marekani na Kanada wakaanza kuona jambo ambalo kwa akili ya kawaida haliwezekani. Mtu anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakuta oili imepanda. Haijapungua, imepanda! Imepita alama ya juu kabisa. Anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena. Imepanda. Sasa mimi si fundi, lakini najua oili haizaliani. Ikiongezeka bila wewe kuongeza, basi kuna kitu kingine kimeingia. Mtu akisogeza kijiti puani anapata jibu: petroli. Wengine walisikia harufu ya petroli hata ndani ya gari, watoto wamekaa kiti cha nyuma.

Naomba nieleze kidogo kinachotokea humo ndani, maana ukishakielewa huwezi tena kudanganywa na mwenye tai.

Injini hizi za kisasa hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa. Zile za zamani zilikuwa zinapuliza nje, kwenye njia ya hewa, petroli inachanganyika na hewa kabla haijaingia. Ukipuliza ndani moja kwa moja unapata udhibiti mzuri, unaunguza kwa kipimo, unaokoa mafuta. Tatizo ni pale injini inapokuwa baridi. Kuta za silinda zikiwa baridi, petroli haigeuki yote kuwa mvuke. Nyingine inabaki majimaji, inang'ang'ania ukutani, inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka chini kwenye sampu ilikokaa oili. Kompyuta nayo, ikijua injini ni baridi, inaongeza petroli zaidi ili isizime. Kwa hiyo dakika zile za mwanzo ndizo petroli nyingi zaidi inaposhuka.

Sasa, kidogo kikishuka si msiba. Hata mashabiki wa kampuni wanasema hivyo na wako sahihi: injini zote za aina hii huchanganya petroli kidogo na oili. Ukiendesha mwendo mrefu, oili inapata moto wa kutosha, petroli inageuka mvuke, inavutwa na kurudishwa kwenye njia ya hewa, inaunguzwa. Hesabu inasawazika. Lakini injini ndogo yenye ufanisi inatoa joto kidogo la kupotea, hivyo inachelewa kupata moto. (Ndiyo maana malalamiko mengine ya wenye CR-V hizo yalikuwa kwamba hita haitoi joto. Watu wanatetemeka ndani ya gari jipya!) Ukiwa na baridi kali nje, na safari zako ni za dakika kumi kwenda, kumi kurudi, oili haifiki kwenye moto unaotakiwa hata siku moja. Petroli inaingia kila asubuhi na haitoki. Kidogo kidogo kijiti kinapanda.

Na oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi. Injini hii tayari imeandikiwa oili nyepesi sana, 0W-20. Ukiifanya nyepesi zaidi unaondoa ule utando mwembamba unaotenganisha chuma na chuma kwenye beringi za krenki na kwenye kemshafti. Turbo nayo inazunguka ikitegemea oili hiyohiyo. Huwezi kuona kitu leo. Wala kesho. Utaona miaka mitano baadaye, gari likiwa mikononi mwa mtu mwingine. Shikeni hilo la mtu mwingine, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye maneno. Wenye magari wakarudi kwa mawakala. Wapo waliobadilishiwa oili na kuambiwa waende. Wapo walioambiwa ni kawaida. Na maelezo yaliyotolewa na kampuni yakawa kwamba jambo hili hujitokeza zaidi kwenye baridi kali, kwa wanaoendesha safari fupifupi.

Sikatai, kisayansi ni kweli, nimetoka kueleza hapo juu. Lakini hebu yasome maelezo hayo mara ya pili kama mtu aliyelipa. Umeniuzia gari la familia. Tangazo lako lina mama anapeleka watoto shule, baba anatoka dukani, theluji inaanguka, kila mtu anacheka. Nimelinunua, nimepeleka watoto shule, nimetoka dukani, theluji imeanguka. Halafu unaniambia shida imetokana na namna ninavyoliendesha! Ni sawa na fundi kiatu akuuzie raba halafu zikipasuka akuambie, "Tatizo umezitembelea."

Hapa ndipo ninapogombana na watu, hasa wahandisi wenzangu tuliokuwa nao chuoni. Wao wanasema: ushahidi wa wateja hauna thamani, mteja hajui kitu, ana hasira, anasikia harufu ambazo hazipo, anapima oili gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko. Ngoja tuone. Mimi kazi yangu ni kuandika habari, na huko kwenye chumba cha habari tuna kipimo kimoja cha kizamani: watu wawili wasiofahamiana, walio sehemu mbili tofauti, wakikupa maelezo yaleyale bila kuulizwa kwa namna ya kuwatilia maneno mdomoni, unaanza kuamini. Hawa walikuwa katika mabara mawili, wanazungumza lugha tofauti, hawana sababu ya kupanga njama, na wote wanataja mambo mawili: kijiti kimepanda, kinanuka petroli. Wengine wakapeleka sampuli ya oili maabara kwa pesa zao, wakarudi na namba kwenye karatasi. Ukishafika hapo, anayesema "mteja hajui kitu" ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi.

China hawakucheka na mtu. Februari 2018 kampuni ya ubia ya Honda huko, Dongfeng Honda, ilitangaza mpango wa kuyarudisha gereji takriban magari 350,000 ya CR-V na Civic kwa ajili ya kurekebishwa. Ungedhani hapo mambo yameisha. Mamlaka ya ubora ya nchi hiyo ikautazama ule mpango ikaukataa! Ikaona hautoshi. Machi 2018 Honda ikasimamisha kuuza CR-V mpya nchini China. Soko kubwa kuliko yote duniani, gari jipya, na duka limefungwa kwa sababu ya kijiti cha oili. Mimi nina mengi ya kuisema serikali ya China, na siku nyingine nitayasema, lakini siku ile mwenye gari wa Harbin alikuwa na mtu wa kumsemea.

Marekani mambo yalikwenda polepole zaidi. Hakukuwa na amri ya kuyarudisha magari kwa ajili ya tatizo hili. Honda ilitoa programu mpya ya kompyuta ya injini, na kwenye baadhi ya magari ikagusa mpaka mfumo wa kiyoyozi, lengo likiwa kuifanya injini ipate moto upesi. Ikaongeza pia dhamana ya injini kwa CR-V za 2017 na 2018 na baadhi ya Civic hadi miaka 6 bila kikomo cha maili, kwanza kwa majimbo 21, hasa yale ya baridi. Baadaye mpango huo ukapanuliwa. Sasa nijibuni: kama ilikuwa kawaida, dhamana inaongezwa ya nini? Tangu lini kampuni ya biashara ikatoa miaka ya bure kwa ajili ya kitu ambacho hakina tatizo?

Na kabla hamjaanza kunirushia mawe, nasema wazi kwamba simwambii mtu CR-V ni gari bovu. Magari hayo hayakulipuka barabarani. Yapo yaliyotembea maili nyingi sana bila kufunguliwa injini. Kuna mtu anaishi Florida, anaendesha kilomita hamsini kila asubuhi, hajawahi kuona kijiti kikipanda hata milimita, na anashangaa watu wanalia nini. Naye ni shahidi, nami namwamini. Ugomvi wangu ni nani mwenye haki ya kutamka neno "kawaida". Aliyetengeneza, aliyeuza, au anayelipia oili?

Sasa nigeukie nyumbani, na nianze na fani yangu mwenyewe.

Fungua kurasa za magari kwenye magazeti yetu (wenzangu mtanisamehe, au msinisamehe). Zinafanana kama vitumbua vya sufuria moja. "Gari hili lina mvuto wa kipekee, taa zake za mbele zimebuniwa kiustadi, skrini ya inchi kadhaa, viti vya ngozi, uwezo wa kuunganisha simu." Hayo yote yapo kwenye kijitabu cha muuzaji. Mwandishi kakitafsiri, kaongeza "kwa upande wake meneja alisema", kaenda nyumbani. Anayebahatika anapewa gari aendeshe mwishoni mwa wiki, tangi limejazwa. Siku mbili! Kwa siku mbili utaona nini kwenye oili? Petroli inayoingia kidogo kidogo kwenye sampu haiwezi kuonekana na mtu aliyeazimwa gari Ijumaa akalirudisha Jumapili. Anayeweza kuiona ni yule anayeamka nalo mwezi wa tatu, wa tano, wa kumi na moja.

Kuna watu walilijua hili zamani. Huko Marekani kuna jarida linaitwa Consumer Reports, lipo tangu 1936. Halipokei matangazo ya biashara, linanunua magari linayoyapima kwa pesa yake kama mteja wa kawaida, na kila mwaka linawauliza wasomaji wake magari yao yamewasumbua wapi. Hili la oili na petroli waliliandika. Sisi ukurasa wa magari umezungukwa na tangazo la magari kushoto, tangazo la magari kulia, na katikati "habari" ya magari. Mhariri gani atakata tawi alilokalia?

Mtasema, wewe kijana, sisi hata CR-V mpya hatununui, tunanunua za Japani zilizotumika. Ahsante, hapo ndipo nilipokuwa nawasubiri.

CR-V ya kizazi hicho, yenye turbo ileile ya lita 1.5, ilianza kuuzwa Japani Agosti 2018. Hesabu miaka. Sisi ni wateja wa mkono wa pili. Kenya wana sheria ya kutoingiza gari lililopita miaka 8, hivyo wanavuta za karibu zaidi. Sisi tunavuta hata za zamani kuliko hizo, tunalipia ushuru wa uchakavu, tunashukuru Mungu. Magari ya 2018 na 2019 yameingia kwenye umri wetu. Yule "mtu mwingine" niliyesema hapo juu, atakayepata gari miaka ya matatizo ikiwa imefika, ni wewe.

"Lakini Dar hakuna baridi." Kweli kabisa, na hili ni jambo jema. Joto letu litasaidia oili kupata moto upesi, na sitegemei mtu wa Mbagala akute kijiti kinapanda kama mtu wa Harbin. Mtu wa Makambako au Njombe mwezi wa saba, anayeendesha dakika tano kwenda ofisini, huyo namtaka apime. Ila gari halikuzaliwa Mbagala. Limeishi maisha yake ya kwanza kwingine, na Japani si moja: kuna Okinawa kwenye joto, na kuna Hokkaido ambako theluji inakaa miezi. Karatasi ya mnada itakuonyesha mkwaruzo wa sentimita mbili kwenye mlango wa nyuma. Itakuonyesha kilomita. Haitakuambia asubuhi ngapi gari hilo liliwashwa kwenye baridi, likaenda dakika saba, likazimwa. Tena kilomita chache, ambazo sisi tunazishangilia ("imetembea elfu arobaini tu, mwanangu!"), kwa injini ya namna hii zinaweza kuwa na maana kwamba maisha yake yote yalikuwa safari fupi.

Mnaodhani haya ni mambo ya Honda tu, angalieni barabarani hapo nje. RAV4 zile za kizazi cha tatu, za kuanzia mwishoni mwa 2005, zimejaa mjini. Nyingi zina injini ya lita 2.4 inayoitwa 2AZ-FE, ambayo ipo pia kwenye Harrier, Alphard na Estima za miaka hiyo. Huko Marekani wenye RAV4 na Camry za injini ya jina hilohilo walilalamika miaka mingi kwamba inakunywa oili. Hapa kinyume chake, kijiti kinashuka. Toyota ikaja na kipimo: gari likila zaidi ya robo galoni moja ya Kimarekani, yaani karibu lita moja, kwa kila maili 1,200, ambazo ni kama kilomita 1,930, basi lina tatizo. Chini ya hapo? Kawaida, bosi! Mwenye gari linalokula lita moja kila kilomita 2,000 alikuwa anaambiwa gari lake ni zima. Hata hivyo mwishowe kulikuwa na mpango: waliofuzu kipimo walibadilishiwa pistoni na ringi bure, na kwa magari yaliyohusika dhamana ya tatizo hilo ilisogezwa hadi miaka 10 au maili 150,000.

Bure. Pistoni na ringi. Umesikia wewe wa Tabata unayetembea na galoni ya oili kwenye buti?

Maana huyo wa Tabata alifanywaje? Alikwenda kwa fundi, fundi akamwambia amewekewa oili feki. Akabadilisha duka. Ikaendelea. Akaambiwa aweke oili nzito. Ikaendelea. Akaambiwa dereva wake anaiba. Kijana wa watu akafukuzwa kazi kwa kosa la ringi za pistoni! Nimeisikia hadithi ya dereva kufukuzwa kwa "kuiba oili" zaidi ya mara moja, na kila nikiisikia naona aibu ambayo hata si yangu. Hakukuwa na mtu wa kumwambia tajiri wake kwamba kuna maelfu ya watu ng'ambo wenye injini hiyo wanaosema jambo hilohilo, na kwamba mtengenezaji alishaweka mkono mfukoni.

Sheria tunayo. Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Lakini gari lililotoka mnadani Japani, likapita kwa wakala wa mtandaoni, likapakuliwa na wakala wa forodha, likauzwa yadi, wewe ni mteja wa nne. Utamshtaki nani? Ukimwendea wa yadi anakuambia "gari la Japani hilo, si langu". Dhamana iliishia kwa mmiliki wa kwanza huko. Kitabu cha maelekezo kiko kwenye kisanduku cha mbele, kizuri, kinene, na kimeandikwa Kijapani. Kilichobaki mkononi mwetu ni kimoja tu: waliotutangulia kulimiliki gari hilo wanasema nini.

Na hapa lazima niwageukie nyie wasomaji pia, msidhani mtapona. Tunavyosimuliana uzoefu wetu ni aibu. Chukua lile jina D4. Kila kijiwe cha mafundi Afrika Mashariki kitakuambia, "Usinunue D4." D4 ni jina la Toyota la teknolojia hiyohiyo ya kupuliza petroli ndani ya silinda, waliyoianza miaka ya 1990. RAV4 ya kizazi cha pili, ile ya 2000, kwa soko la Japani ilikuja na injini ya D4, 1AZ-FSE, wakati soko la nje lilipata 1AZ-FE ya kupuliza nje. Herufi moja tofauti, injini mbili tofauti. Sisi tulipata zile za Japani kwa wingi. Zikatusumbua, watu wakang'oa injini nzima wakaweka nyingine, na neno likaenea: D4 mbaya.

Mbaya nini? Pampu ya mgandamizo? Masizi kwenye njia ya hewa? Plagi zisizo zake? Mafuta machafu? Baada ya kilomita ngapi? Iliyotunzwa vipi? Hakuna anayejua, kila mtu "aliambiwa na fundi wake". Miaka zaidi ya ishirini ya uzoefu wa maelfu ya wenye magari, kuanzia Mombasa mpaka Tunduma, na tulichovuna ni neno "mbaya". Wakati huohuo magari mapya mengi siku hizi yanapuliza ndani, yawe yameandikwa D4 au hayajaandikwa, na aliyekimbia D4 kwenye RAV4 ya zamani anainunua kwa jina jingine akifurahia turbo. Muuzaji hawezi kuombea kitu kizuri zaidi ya mteja anayelalamika bila namba. Mteja wa namna hiyo anajibiwa kwa neno moja, na neno lenyewe mnalijua.

Wale wa China na Kanada hawakushinda kwa sababu walikuwa na hasira kuliko sisi. Walikuwa na picha ya kijiti, tarehe na kilomita kwenye dashibodi. Picha ya Desemba, picha ya Januari, picha ya Februari. Hali ya hewa siku hiyo. Ukimpelekea mtu vitu hivyo, "kawaida" inamkwama kooni.

Kwa hiyo nawaomba kitu kidogo, nacho hakihitaji fundi. Gari liegeshwe mahali pa tambarare, injini imezimwa na imepoa. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa. Piga picha. Nusa. Andika kilomita. Fanya hivyo kila Jumapili kwa miezi mitatu, ni dakika mbili, huna haja ya kukosa ibada wala mpira. Ikishuka andika imeshuka kiasi gani. Ikipanda usishangilie kwamba umeokoa pesa ya oili, wala usikubali mtu akuambie fundi alizidisha. Ibadilishe mapema kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye kile kikaratasi wanachobandika juu ya kioo, na picha zako zitunze.

Mimi nataka hizo namba. Mwenye CR-V ya turbo, ya 2018 kuja juu, iliyoingia kupitia Dar au Mombasa, anitumie: mwaka, kilomita, mkoa anaoishi, urefu wa safari zake za kila siku na picha ya kijiti. Mwenye 2AZ-FE naye, aniambie inakula kiasi gani kwa kilomita ngapi. Majina yenu sitayataja. Wenye magari yasiyo na shida hata kidogo nawahitaji kuliko wote, maana bila nyie hesabu haikamiliki na wenye tai watasema nimeokota walalamishi tu. Nikipata thelathini nitaziweka zote hapa kama zilivyo, nzuri na mbaya, na nakala nitampelekea mhariri wa ukurasa wa magari wa gazeti letu. Tuone kama ataziweka katikati ya yale matangazo yake mawili.